Kokoto za Erina na Siki ya Maganda

Pale Bwera, mpakani na Kongo, kina Erina ni wengi, na ukiuliza njia ya kwenda kwa huyu ninayetaka kumsimulia, watu watakuuliza kwanza kama unamtafuta Erina wa kokoto. Wajibu ndiyo. Kisha fuata mteremko unaoelekea mto Lhubiriha, na zamani ungemsikia kabla hujauona ua wake: chakacha, chakacha, kokoto zikigonga ndani ya jerikani. Siku hizi ua ule uko kimya. Usishtuke, hajafa. Akisikia nimeanza habari zake kwa namna ya kukutia wasiwasi atanirushia ufagio juu ya uzio, maana mimi Mama Medius, fundi cherehani, ndiye jirani yake, na ufagio wake naujua vizuri.

Erina alizaliwa huko juu milimani, akaolewa na Eridadi aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya Kilembe. Kiswahili chake alikiokota kambini, kwa wake za wachimbaji waliotoka kila upande, na mpaka leo anakizungumza anavyotaka yeye. Eridadi alipofariki, alirudi Bwera kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe na kazi moja mkononi: kupika bushera, kile kinywaji chetu cha unga wa mtama kinachoachwa kichachuke kidogo. Harusi, maziko, watoto kupata kipaimara, mchungaji kuhamishwa, kote huko Erina aliitwa. Jerikani zake za njano zilitangulia, yeye akafuata nyuma na kitambaa cheupe begani.

Lakini watu hawakumsifu kwa bushera peke yake. Walimsifu kwa usafi. Katika ukoo wa mama yake, msichana akiolewa hupewa fungu la kokoto laini za mtoni, zimefungwa kwenye kitambaa, za kuoshea vyombo vya kinywaji. Unatia kokoto na mchanga na maji kidogo, unaziba mdomo, unatikisa mpaka mikono ife ganzi. Bibi zake walitikisa vibuyu kwa namna hiyo. Vibuyu vilipokwisha zikaja jerikani za plastiki, na Erina akaendelea kutikisa vilevile, kwa kokoto zilezile za mama yake. Usafi wa mwanamke huyu ulikuwa kero. Mimi mwenyewe amewahi kuninyang'anya kikombe mkononi akakiosha upya, chai yangu ikiwa imemwagwa kwenye majani ya boga.

Miaka michache iliyopita, wakati watu wakivuka mpaka kwa wingi kukimbia vurugu za upande wa Beni, alikuja mwanamke mmoja na mabegi mawili na rozari shingoni. Jina lake Geneviève. Baba yake alikuwa mtu wa Bunia, kwa watu wa lugha nyingine, kwa hiyo ile lugha ambayo Wanande wa huko na Wakonzo wa huku wanasikilizana kwayo haikumkaa vizuri, akawa anategemea Kiswahili chao cha Kongo. Erina alimkuta amekaa nje ya soko la Mpondwe, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwambia abebe mabegi yake amfuate. Akampa chumba cha nyuma. Hakumuuliza atakaa mpaka lini, wala hajamuuliza mpaka leo. Alimwita mgeni, na sheria ya mgeni ilikuwa moja: jiko lako, kamba ya nguo yako, jerikani zangu usiguse.

Geneviève alianza kuuza juisi sokoni, ya nanasi na ya pasheni. Maganda yalirudi nyumbani kwa magunia. Mengine yaliliwa na mbuzi. Mengine aliyachemsha kutengeneza munanansi, kinywaji cha maganda ya nanasi na tangawizi, na kile ambacho hakikununuliwa alikiacha kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka kikageuka siki kali ya kukutoa machozi. Siki hiyo aliichuja, akaosha nayo ndoo zake za juisi. Anaijaza, anaiacha mpaka kesho yake, anamwaga, anasuuza kwa maji yaliyochemshwa. Hasugui. Erina alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni na kutikisa kichwa. Alikuja kuniambia kwamba mgeni wake ni mtu mwema, anasali, hana makelele, ila kwao hawakumfundisha kuosha, anaosha vyombo kwa takataka.

Basi ikafika siku ya Kathembo. Huyu ni mdogo wake marehemu Eridadi, mtu wa kamati za sherehe. Alimaliza kujenga nyumba, akafanya sherehe ya kushukuru, na bushera ikatoka kwa shemeji yake. Nilipoinua kikombe nilisikia harufu ambayo si ya mtama. Nilikunywa kwa heshima, kama kila mtu. Kabla jua halijatua, choo kipya cha Kathembo kilikuwa na foleni ndefu kuliko benki siku ya mishahara, na mimi nilikuwemo. Tulipona wote, Mungu ashukuriwe. Lakini baadaye kidogo, kwenye maziko fulani, ikatokea tena, na baada ya hapo simu ya Erina ikanyamaza.

Alifanya alichokijua. Aliongeza mchanga. Akateremka mtoni kutafuta kokoto zenye ncha zaidi. Akatikisa asubuhi, akatikisa jioni, akatia sabuni ya unga mpaka povu likamwagikia barabarani. Jerikani ikianikwa ilinukia vizuri. Ikishinda na bushera ndani, ile harufu ilirudi, na ukipitisha kidole kwenye shingo ya jerikani ulikuta utelezi. Wapo waliosema mkono wake umezeeka, wengine wakanong'ona mambo ya uchawi. Siku moja, kwa uchungu, alimwambia Geneviève mbele yangu kwamba taabu zote hizi zimeanza tangu aingie kwake. Geneviève aliinamisha kichwa akaendelea kumenya mananasi yake.

Nilikasirika. Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwambia ajitetee, kwani ndoo zake mwenyewe hazinuki na kila mtu sokoni anajua. Alinijibu polepole:

"Mama Medius, mutu mwenye alikupokea mu nyumba yake, haumuambii vyombo yake iko muchafu. Nitaanza wapi?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu.

Sasa, Erina ana mjukuu mmoja anayeitwa Barbara, ambaye amemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Barbara anafanya kazi dukani mjini Kasese, na huko akampata kijana wa Munkunyu, Ronnie, anayepima damu na makohozi kwenye maabara ya kliniki moja. Posa ikaja, siku ya kumtoa binti ikapangwa. Katika ukoo wao siku hiyo ina jambo moja lisilorukwa: bibi wa binti huingia hemani na kinywaji alichokipika mwenyewe, anaonja yeye kwanza mbele ya wote, kisha anawamiminia wakwe kwa mkono wake. Kikombe hicho ndicho kinachosema tumewapokea. Erina alikuwa akiingoja siku hiyo tangu Barbara alipoanza kuota meno.

Kamati ya sherehe ilikaa kwa Kathembo. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya nguo. Walipofika kwenye vinywaji, Kathembo alikohoa, akasema kwa adabu zote kwamba safari hii itakuwa soda na maji ya chupa, na shemeji atapumzika, amefanya kazi nyingi maishani. Hakuna aliyemtazama Erina. Barbara alitazama sakafu. Ningemuelewa Erina kama angepiga kelele. Nimeshamuona akipiga kelele kwa sababu ya sufuria. Aliinuka tu, akaweka kitambaa chake begani, akatoka, nami nikatoka nyuma yake kwa sababu sikuipenda ile hatua yake.

Alipofika uani alichukua panga. Kisha akachukua jerikani kongwe kuliko zote, ile aliyonunuliwa na Eridadi walipokuwa Kilembe, akailaza chini na kuipasua kwa urefu. Nadhani alitaka tu kuiua. Geneviève alitoka jikoni akikimbia. Pande mbili zilifunguka kwenye jua, na sote watatu tukainama tukatazama, kwa sababu jerikani, ukifikiria vizuri, ni chombo ambacho mtu anakiosha maisha yake yote bila kukiona ndani.

Tumbo lote la jerikani lilikuwa limechanjwachanjwa. Mikwaruzo juu ya mikwaruzo, mingine mirefu kama kidole. Na ndani ya kila mkwaruzo kulikuwa na utando wa rangi ya kijivu, mzito, wa kuteleza, kama ukoga wa mtu asiyepiga mswaki. Erina aliugusa kwa kucha. Ulinyumbuka lakini haukutoka. Kule juu karibu na shingo, ambako kokoto hazikuwa zikifika sana, plastiki ilikuwa bado laini na utando wake ulikuwa mwembamba.

Hapo ndipo Geneviève alipofungua mdomo.

"Mama, mukono yako haina kosa," alisema. "Ile mawe njo inachimbaka mashimo mu bido, mu jerikani, na uchafu inapata fasi ya kulala."

Erina alichuchumaa pale na panga lake. Akachukua kokoto moja ya mama yake, akaiangalia.

"Basi miaka yote nilikuwa nalimia uchafu shamba," alisema. Akaanza kulia, akacheka kidogo katikati ya kulia, na mimi nikalia naye, maana hakuna kitu kinachouma kama kuharibikiwa kwa bidii yako mwenyewe.

Barbara alimpigia simu mchumba wake siku hiyohiyo. Kwa kawaida yetu Ronnie hawezi kukanyaga ua wa bibi wa mchumba wake kabla ya sherehe, kwa hiyo elimu yote ilikuja kwa spika ya simu iliyoegemezwa kwenye kinu, na Erina, kwa adabu ya wakwe, alikuwa ameipa simu mgongo. Ronnie alieleza bila madaha. Vijidudu, alisema, havikai ovyoovyo kwenye maji tu. Vikipata mahali pa kushika hujishikiza, vikatoa ute, vikajifunika nao kwa pamoja, na chini ya blanketi hilo sabuni inapita juu bila kuvifikia. Penye mikwaruzo vinashika zaidi. Ukitia bushera mpya, vinaamka na kuichafua. Kuhusu siki ya maganda, alisema wapo watu vyuoni wanaochunguza maganda ya matunda kwa kazi hiyohiyo, kuona kama yanalegeza utando huo, lakini yeye hatamwapia mtu kitu ambacho hakukipima. Akatuomba tujaribu wenyewe kwa vipande vya jerikani iliyokwisha kufa.

Basi ua wa Erina ukawa maabara. Geneviève alikata vipande, vingine vya tumboni vyenye mikwaruzo, vingine vya shingoni vilivyo laini. Tukavitia kwenye mabakuli: bakuli la maji ya sabuni, la maji ya maganda ya machungwa, la maganda ya pasheni yaliyochemshwa, la siki ya nanasi. Mimi nilitoa mabakuli, na nilipewa masharti ya kuyaosha upya kabla hayajapokelewa. Kesho yake tulipita na kitambaa laini, tukifuta kila kipande bila nguvu. Cha sabuni kiliteleza vilevile. Cha pasheni tulibishana. Cha machungwa kilinukia vizuri, basi. Kipande laini kilicholala kwenye siki ya nanasi, utando wake ulitoka na kitambaa kwa mara moja, ukaacha plastiki ikilia chini ya kidole. Lakini kile cha tumboni, hata kwenye siki, kilibaki na kijivu ndani ya mikwaruzo mirefu. Erina alikifuta tena na tena. Halafu akakiweka chini mwenyewe, bila kuambiwa, akasema zile jerikani za zamani zote ziende.

Ronnie alipoelezwa alifurahi, akaonya pia. Hicho ni kipande kimoja cha jerikani moja, alisema, siyo utafiti. Jerikani mpya, siki, muda wa kutosha, kusuuza kwa maji yaliyochemka, na bushera isikae siku nyingi. Erina, mgongo kwa simu, aliitikia kila neno kwa kichwa kana kwamba kijana anamuona.

Zilinunuliwa jerikani mpya. Na hapa kulikuwa na mtihani mgumu kuliko wote, mtihani wa kukaa. Geneviève alizijaza siki, akaziziba, akamwambia mama asubiri. Erina alizunguka jerikani zile kama mtu anayemngoja mgonjwa. Mara mbili nilimuona akiingiza mkono kwenye kitambaa cha kokoto, na mara mbili Geneviève alimshika kiwiko.

"Mama, hapana kukwaruza. Iache siki itumike kazi yake."

Alipika kidogo kwanza. Tukaiacha mpaka siku ile ambayo zamani ingeanza kunuka, tukaionja, haikunuka. Tukaiacha na siku ya pili. Nilikunywa mimi wa kwanza, na msidhani ilikuwa rahisi, nikikumbuka choo cha Kathembo. Ilikuwa na ule uchachu wa utotoni. Nilimwambia Erina ukweli, kwamba ni nzuri kuliko ya mwaka uliopita na wa kabla yake, akanijibu kwamba ulimi wangu haujawahi kujua kitu. Lakini alikuwa akitabasamu.

Kathembo alikubali kwa shida. Jerikani moja tu, alisema, kwa ajili ya mila, na soda kwa wengine wote. Erina alisema moja inatosha.

Siku yenyewe hema lilijaa. Wakwe wa Munkunyu walikaa upande wao, wamependeza. Ikafika zamu ya bibi. Kwa desturi jerikani hubebwa na wanawake wawili wa nyumba hiyo, mkubwa na mdogo, kila mmoja kashika upande wake. Mashangazi wa ukoo walikwisha kujipanga. Erina aliwapita, akafika kwenye safu ya nyuma alikokaa Geneviève na kitenge nilichomshonea, akamshika mkono. Geneviève alisita. Kathembo alinyanyuka nusu, akasema kwa sauti ya chini, lakini tulisikia sote, kwamba hii ni kazi ya watu wa nyumbani na huyu ni mgeni.

"Alikuwa mgeni," Erina alisema. "Leo ni binti yangu. Mimi nilimlaumu, yeye akanioshea vyombo. Mkono yangu yeye ndiye alirudisha, na sitakunywa hii kikombe bila yeye."

Wakabeba pamoja. Erina akajimiminia, akanywa mpaka chini, akageuza kikombe kuonyesha kiko kitupu. Akammiminia shangazi wa Ronnie, mama mnene mwenye miwani, ambaye alionja, akanywa yote, akarudisha kikombe kijazwe tena. Hema lilipiga vigelegele. Kathembo naye akapewa. Watu wa kwetu walimtazama kwa macho ya watu waliosimama foleni moja. Alichungulia ndani ya kikombe, akamtazama shemeji yake, akanywa. Alifuta mdomo kwa mkono.

"Shemeji," alisema, "kumbe tungekubali hata tatu."

Soda zilibaki kwenye makreti. Geneviève alisimama pembeni ya jerikani na machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na baadaye akaniambia kwamba tangu avuke mpaka hakuwahi kuitwa binti wa mtu.

Lililonigusa mimi zaidi lilikuja mwisho, wakati wa zawadi. Erina alimpa Barbara kile kitambaa cha ukoo, na Barbara alipokifungua hakukuta kokoto. Alikuta chupa ya siki ya maganda, imezibwa vizuri. Akamuuliza jaja, yaani bibi yake, kokoto za ukoo ziko wapi. Erina akamwambia ziko salama, amezipanga mlangoni pa Geneviève ili asikanyage matope mvua ikinyesha.

"Nilikuwa nafikiri uchafu inaogopa nguvu," alimwambia, akimshika mashavu. "Inaogopa mtu mwenye kungoja. Nakushukuru umeolewa nikiwa nimejua."

Simu yake inalia tena sasa, Bwera mpaka Muhokya. Jerikani zimejipanga uani na siki tumboni, kimya kabisa, na Geneviève hawapi tena mbuzi hata ganda moja. Wauza juisi wenzake wanamletea yao. Erina hukaa kando ya jerikani zake asubuhi nzima, mikono yake mapajani haijui ifanye nini. Ikimzidi anakuja uzioni kwangu, anaomba chai, na kabla sijaimimina amekwisha kukichukua kikombe changu kukiosha upya. Namwachia. Namshukuru Mungu yupo wa kukiosha.